Wahadhiri wakipinga uteuzi wa mkuu wa chuo, wanapinga nini?

Umeuliza kama wahadhiri wanaopinga uteuzi wa mkuu wa chuo si watu wa wivu tu. Nimefundisha chuo cha umma hapa Kenya miaka mingi, na nilikuwa kwenye kamati ya chama cha wahadhiri jambo kama hilo lilipotufika.

Baraza la chuo lilitangaza naibu chansela mpya, ambaye ndiye mkuu wa chuo kwa kazi za kila siku, na seneti ya chuo haikuwa imeonyeshwa hata orodha ya waliosailiwa. Kikao chetu kiliwaka. Wapo waliotaka barua yetu ya kupinga iguse kabila la mteuliwa. Mwenyekiti wetu, mama wa kitivo cha sayansi asiyepandisha sauti, akakataa katakata. Alitukumbusha Eldoret mwaka 2016, wanasiasa walipoandamana hadi Chuo Kikuu cha Moi wakidai mkuu awe mwenyeji. Barua yetu ikadai alama za usaili na majina ya jopo, basi. Tulizungushwa muhula mzima, lakini alama zilitoka. Mteuliwa alibaki, nasi tukafanya naye kazi.

Tazama pia Chuo Kikuu cha Boğaziçi, Istanbul. Zamani wahadhiri wa Uturuki walipiga kura kwanza, rais akateua baadaye. Julai 2016 Gülay Barbarosoğlu alipata asilimia 86 ya kura pale. Oktoba amri ya dharura ikafuta uchaguzi huo vyuoni, na Novemba akateuliwa mwingine. Januari 2021 Rais Erdoğan akamleta kutoka nje Melih Bulu, aliyewahi kuwania tiketi ya ubunge ya chama tawala. Wahadhiri wakawa wanakusanyika saa sita mchana, wamevaa majoho, wameipa mgongo ofisi ya mkuu, kimya.

Julai Bulu akaondolewa. Kama shida ingekuwa yeye, mambo yangeishia hapo. Agosti akateuliwa Naci İnci, profesa wa fizikia wa chuo hicho hicho, mwenzao kabisa, ambaye asilimia 95 ya wahadhiri waliopiga kura yao wenyewe walikuwa wameshamkataa. Wakaendelea kusimama. Hapo wivu uko wapi? Walichokuwa wakidai ni kuulizwa.

Kwa hiyo kabla hujawahukumu wahadhiri wa chuo chenu, tafuta barua yao uisome. Ikiwa inampigia debe mtu wao, una haki ya kuwashuku. Ikiwa inadai alama na majina ya waliosaili, tafadhali waunge mkono, maana baraza lililotenda haki halina sababu ya kuvificha.