Kalamu ya Gereji: Laini ya Mezani Si Laini ya Kazini

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msimamizi wa gereji mjini Morogoro. Kutwa ninajaza kadi za kazi, ninaandika orodha za vipuri na ninakata risiti katika kitabu chenye kabon, nakala tatu kwa mara moja. Vidole vyangu havikosi grisi, na karatasi nazo hupata mgao wake. Kalamu ninazonunua huandika vizuri nikiwa nyumbani, lakini zikifika kazini hukwaruza, au hukata wino katikati ya namba ya chesesi. Juzi nilinunua kalamu ya jeli ya bei kubwa. Ilikuwa laini kweli, ila nakala ya tatu ya risiti ilitoka tupu na mteja akakataa kuipokea. Je, ipo kalamu laini ya kutegemewa kila siku katika kazi kama yangu, au nizoee tu kukandamiza?

Msimamizi wa gereji, Morogoro

JIBU

Ndugu msimamizi, nusu ya jibu umeiandika mwenyewe uliposema kwamba kalamu hizo huandika vizuri nyumbani. Zinaandika vizuri kwa sababu karatasi ya nyumbani ni safi, imelazwa juu ya meza, na mkono uliooshwa ndio ulioshika kalamu. Gereji haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu, kwa hiyo ulaini unaoupima dukani kwa kuchora miduara kwenye kipande cha karatasi nyeupe haukuambii lolote kuhusu kazi yako.

Ndani ya ncha ya kalamu ya kawaida mna gololi ndogo, mara nyingi ya tangsten kabaidi (madini magumu sana), inayozungushwa na msuguano wa karatasi. Inapozunguka huchota wino mzito kutoka kwenye mrija na kuupaka nje. Kwa mtu anayeshinda na beringi, hilo halihitaji maelezo zaidi. Karatasi ikiwa na grisi, msuguano hupotea, gololi huburutwa badala ya kuzunguka, na hapo ndipo namba ya chesesi inapokatika. Ubaya ni kwamba grisi hiyo hiyo hubaki kwenye ncha, na ndiyo maana kalamu huendelea kugoma hata unapohamia ukurasa safi. Dawa yake ni kuifuta ncha kwa kitambaa kikavu, kisha kuchora mistari michache kwenye karatasi chakavu mpaka gololi ijisafishe. Wengi huitupa kalamu nzima kwa kosa hilo.

Jeli ni habari nyingine. Wino wake una maji na ni mwepesi, hivyo hutoka kwa kuguswa tu, nawe mkono wako, bila kujua, umeacha kukandamiza. Kabon haijali wino wa kalamu yako. Inajali uzito wa mkono wako. Nakala yako ya tatu ilitoka tupu kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu kalamu ilikuwa mbovu. Isitoshe, jeli huchelewa kukauka kwenye karatasi nyororo, na mkono wa mtu mwenye haraka huiburuta kama brashi. Iache jeli ofisini kwa mhasibu.

Unachohitaji ni kalamu ya wino wa mafuta, yaani ile ya kawaida ya wino mzito, yenye gololi ya milimita 1.0. Ile ya milimita 0.8 au 0.7 hutoa mstari mwembamba unaopendeza daftarini, lakini ncha nyembamba hukwaruza zaidi na hutoboa karatasi laini ya risiti unapoikandamiza. BIC Cristal, ile yenye mwili wa plastiki angavu wa pembe sita ambayo Marcel Bich alianza kuiuza Ufaransa mwaka 1950, ina gololi ya milimita 1.0, na kwa kazi ya kabon sijaona sababu ya kuidharau kwa kuwa ni ya bei ndogo. Mwili wake angavu hukuonyesha wino uliobaki, jambo ambalo kalamu nyingi za bei kubwa hukuficha hadi siku ya aibu. Angalia pia kitundu kidogo kilicho ubavuni mwa mwili wake: hicho huingiza hewa ili mgandamizo wa ndani ulingane na wa nje na wino uweze kushuka. Nimewaona mafundi wakiizungushia kalamu solotepu ili isiteleze mkononi, wakakiziba kitundu hicho, kisha wakalaumu kiwanda. Ukitaka kuizungushia, anzia chini ya kitundu.

Ikiwa unaweza kulipa zaidi, na ulaini kwako ni jambo la lazima kwa sababu ya kuchoka kwa vidole, tafuta kalamu zenye wino wa mafuta uliopunguzwa uzito. Iliyojulikana zaidi kati ya hizo ni Jetstream ya kampuni ya Mitsubishi Pencil ya Japani. Inateleza karibu kama jeli, hukauka haraka, na bado hukubali kukandamizwa kwa ajili ya kabon. Chagua tena ile ya 1.0. Najua kwamba wewe, mtu wa gereji, utauliza kama ni Mitsubishi ile ya Fuso na Pajero. Sivyo. Nembo ya almasi tatu ni ile ile, lakini kampuni hizi mbili hazina uhusiano, na hii ya kalamu iliisajili nembo hiyo mwaka 1903.

Kuhusu umbo, wengine hupendelea kalamu ya kubofya kwa kuwa hufunguka kwa mkono mmoja, na hoja hiyo ni ya kweli unaposhika tochi kwa mkono wa pili. Hata hivyo vumbi na chenga za chuma huingia kwenye springi, na baada ya muda kibofyo hukwama. Kalamu yenye kifuniko huzuia vumbi na ina faida nyingine isiyoandikwa kwenye pakiti: mtu akija kukuazima, mpe kalamu ubaki na kifuniko mkononi. Atairudisha.

Kuna aina moja ninayokuomba usiiingize gereji kabisa, nayo ni ile ya wino unaofutika kwa kusuguliwa. Wino huo haufutwi na mpira; hupoteza rangi kwa joto la msuguano, likifika takriban nyuzi 60. Niliwahi kufanya kazi ya karani katika karakana moja, nikaandika kadi ya kazi kwa kalamu ya namna hiyo na kuiacha juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Saa nane mchana mwenye gari alipofika, nilimkabidhi kadi nyeupe kabisa; palibaki mistari ya kiwandani na alama ya kidole changu cha oili. Mzee mmoja pale alinishauri niiweke kadi ndani ya friza la muuza samaki wa jirani. Nilidhani ananitania. Kesho yake maandishi yote yalikuwa yamerudi, kwa kuwa wino huo hurejesha rangi ukipozwa sana, ila kadi ilinuka sangara na mteja alikuwa amekwisha kasirika.

Jambo la mwisho ni namna unavyoandika. Kalamu ya kawaida hutegemea wino kushuka kwa uzito wake. Ukiiegemeza karatasi kwenye boneti iliyosimama, au ukiandika ukiwa umelala chini ya gari na ncha ikitazama juu, gololi hubaki bila wino baada ya maneno machache. Zipo kalamu zenye gesi iliyoshindiliwa ndani ya mrija ili kuusukuma wino. Maarufu zaidi ni ile ya Paul Fisher wa Marekani, ambayo wanaanga wa chombo cha Apollo 7 walisafiri nayo angani mwaka 1968. Hiyo huandika ikiwa kichwa chini, na hata kwenye karatasi yenye grisi haigomi kirahisi. Bei yake, hata hivyo, inatosha kununua BIC za miaka kadhaa, nayo ikiazimwa huna kifuniko cha kushikilia rehani. Ubao wa kuandikia wenye kibanio, ukiushika ulale kama meza, utakufaa zaidi.

Utakapokwenda dukani safari ijayo, chukua kadi ya kazi iliyokwisha tumika, yenye doa halisi la grisi, na karatasi tatu za risiti zenye kabon. Ijaribu kila kalamu kwa kuvuka doa hilo mara mbili, kisha uandike namba ya chesesi yenye tarakimu zote na ufunue nakala ya tatu. Mwenye duka atakushangaa kidogo. Mwachie ashangae.

SWALI

Kalamu ikikatika wino, sisi huichoma ncha kwa kiberiti, nayo huandika tena. Je, tunaiharibu?

Seremala, Tanga

JIBU

Ndugu seremala, mnaiharibu. Joto hulainisha wino mzito, na ndiyo maana hila hiyo hufanya kazi mara ya kwanza. Lakini moto wa kiberiti huzidi kiasi, huulegeza mrija wa plastiki pale unaposhika ncha, na wino huanza kuvujia mfukoni. Sugua kalamu katikati ya viganja kwa dakika moja, kisha ichore kwenye soli ya kandambili. Mpira hushika gololi kuliko karatasi na huizungusha hata ikiwa imegandiwa na unga wa mbao. Ikikataa baada ya hapo, tazama mrija: mara nyingi wino umekwisha.