Baiskeli mpya ya chuma kwenye milima ya Mbeya: anza na gia, tairi na breki

Ukinunua baiskeli mpya ya greveli, yaani ile ya hendeli iliyopinda na tairi pana kwa barabara za vumbi, swali la kwanza utakaloulizwa kijiweni ni: ina kilo ngapi? Kwa Mbeya hilo si swali la kwanza. La kwanza ni gia yake nyepesi kabisa ina meno mangapi mbele na mangapi nyuma. Ukishajibu hilo, angalia tairi, halafu breki. Kilo ziache.

Mimi naendesha fremu ya kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni kidogo. Naipenda kwa sababu inavumilia kugongwa na kuangushwa. Wengi husema chuma kinameza mtikisiko. Kwa ninavyoona, kwenye barabara ya vumbi yenye rasta sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na tairi.

Turudi kwenye gia. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Chunya inapanda kupita mita 2,400 kabla haijaanza kushuka. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Kuna pia ile Hamsini na Saba, kutoka Chimala kupanda Matamba, ambayo jina lake ndiyo idadi ya kona zake. Sasa piga hesabu. Tairi la 700 kwa 40 (hiyo 40 ni upana kwa milimita) likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2. Ukiwa na meno 40 mbele na 36 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 2.4 hivi. Ukiwa na 30 mbele na 36 nyuma, unasogea mita 1.8. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ile ya 40 kwa 36 inakudai kasi ya karibu kilomita 9 kwa saa, na ile ya 30 kwa 36 kama 6.6. Mlimani, ukiwa na begi mgongoni, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafika juu umekaa kwenye siti au unasukuma.

Kwa hiyo, pesa yako ya kwanza ya maboresho iende hapo. Mara nyingi njia nafuu ni kubadili sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni, uweke yenye meno machache zaidi. Ukitaka kuongeza meno ya nyuma, soma kwanza uwezo wa mkono wa gia ulionao, ule wa nyuma unaohamisha cheni, kwa sababu kila modeli ina kikomo cha meno inayoweza kubeba. Muuzaji akikwambia "itaingia tu, kaka", mwombe akufungie hapohapo, aweke sproketi kubwa kabisa na azungushe pedali kinyumenyume mbele yako. Mkono ukigusa meno, usilipe.

Kwenye tairi kuna jambo linalowagharimu watu wengi. Baiskeli nyingi za zamani tulizokulia nazo, zile za Phoenix na wenzake, zinatumia tairi za namba 28, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Greveli yako ya 700 ni 622. Namba 28 inaweza kuandikwa kwenye zote mbili, lakini haziingiliani hata ukilazimisha kwa spana. Angalia ubavuni mwa tairi utafute 622. Habari njema ni kwamba tairi za 29 za baiskeli za milimani nazo ni 622, kwa hiyo ukizikuta kwenye mitumba zitakaa kwenye rimu yako, mradi fremu na uma unaoshika gurudumu la mbele viwe na nafasi. Acha angalau milimita 6 kila upande, maana udongo mwekundu wa Rungwe ukilowa unaganda kwenye fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Upepo usijaze mpaka tairi liwe gumu. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la 40 lenye tyubu, mimi naanza na psi 35 mbele na 40 nyuma, kisha napunguza kidogo kidogo kulingana na njia. Nunua na ile adapta ndogo ya shaba ya valvu nyembamba. Pampu nyingi za vijiwe vya pancha hazishiki valvu hizo, na ukipata pancha Isyonje ukungu umeshashuka, hutapenda kuanza kuitafuta.

Breki za diski zikiwa mpya hazishiki vizuri. Tafuta mteremko mfupi usio na magari, shika breki mpaka baiskeli ikaribie kusimama, achia, rudia mara 20 hivi. Halafu jifunze kushuka: bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona. Ukizikokota kutoka juu ya mlima mpaka mjini zinapata moto na kupoteza nguvu. Kama breki zako ni za waya, mkono wa breki unavyozidi kukaribia hendeli ndivyo pedi zinavyoisha. Ipo skrubu ya kusogeza pedi kwenye breki yenyewe, ijue ilipo kabla ya masika.

Kuseti siti ni rahisi: weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Baada ya wiki chache za kwanza waya za gia zitalegea na gia zitaanza kurukaruka. Kaza waya kwa kale kakifundo ka plastiki kalikoko mwisho wa waya, nusu mzunguko kwa wakati.

Sasa adui wa chuma. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Mei, na maji huingia kwenye fremu kupitia bomba la siti. Kila baada ya mvua kubwa chomoa nguzo ya siti, geuza baiskeli juu chini, maji yatoke, iache ikauke, kisha paka grisi kwenye nguzo kabla ya kuirudisha. Rangi ikibanduka, ifunike mapema, hata kwa rangi ya kucha. Na mabomba yakipasuka usimpe fundi wa mageti, maana kuta za kromoli ni nyembamba na moto wake utazitoboa. Mtafute anayechomea kwa shaba.