Kuwakumbuka wenzetu wa shule waliotangulia: yaliyotukuta sisi, huku Mwanza

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mmesoma shule ya kanisa huku Kanda ya Ziwa, mmefungua kundi la wasapu, sasa mnataka misa ya kuwaombea wenzenu waliofariki ifikapo Novemba, lakini hamjui hata wako wangapi. Unauliza muanzie wapi. Naona wengi wamekujibu habari za michango na fulana. Fulana acheni kwanza. Kazi yenyewe ni majina, na majina yatawatoa jasho.

Sisi tulimaliza kidato cha nne mwaka 1988, shule ya bweni ya wavulana, ukisimama nyuma ya bwalo unaliona ziwa. Tulikuwa 38. Siku tulipoanza kuhesabu marehemu, huyu anasema tisa, yule anasema kumi na saba, na kila mmoja yuko tayari kuapa. Wote tulikosea.

Kwanza, majina ya utani. Jamaa aliyelala kitanda cha juu yangu miaka minne tulimwita Furu, yule samaki mdogo wa ziwani, kwa udogo wake. Alipofariki tangazo lilisomwa redioni kwa jina la ubatizo na la ukoo, na wenzake wawili waliokuwa mezani walilisikia wakaendelea kula. Hawakujua ni Furu. Mmoja wao hadi leo akikumbuka anaweka kijiko chini.

Pili, na hili vijana mnaweza msilielewe. Miaka ile nafasi za sekondari zilikuwa za kugombania, na kurudia darasa la saba kulikatazwa. Basi mtoto akifeli anapelekwa kwa mjomba kijiji kingine, anafanya mtihani tena kwa jina la mtoto aliyeacha shule. Akifaulu, jina hilo ndilo analoingia nalo sekondari na ndilo linalokuja kwenye cheti. Kwetu walikuwepo watatu wa hivyo, ninaowajua mimi. Mmoja tulisikia amefariki, tukaenda kwao tukiwa wanne na gari la kuazima. Tukalitaja jina la shuleni. Wazee wakatazamana, wakatupeleka moja kwa moja hadi kwenye shamba la mihogo, tukakutana na mzee mzima ameshika jembe, jina ni hilohilo, na sekondari hajawahi kuikanyaga. Tulipomweleza alikaa chini kwenye tuta akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga ya mkewe. Akasema, "Kumbe jina langu limesoma!" Halafu akatuonyesha njia ya kwenda kwenye kaburi la mwenzetu, ambalo msalabani limeandikwa jina tusilolijua sisi.

Kwa hiyo ushauri wangu: nendeni kwenye rejesta ya uandikishaji, msitegemee vichwa. Yetu tuliikuta stoo, mchwa wameshakula pembe, ila namba, majina, dini, na jina la mzazi au mlezi vinasomeka. Tukanunua kaunta buku, tukachora safu tatu: jina la rejesta, jina la nyumbani, jina la utani. Tukafuata namba za uandikishaji, kwa sababu ndivyo tulivyoitwa kwenye mahudhurio na ndivyo tunavyokumbukana. Siku ya misa tunasoma yote matatu. Paroko wetu alisita kidogo kusikia "Furu" kanisani, lakini alikubali.

Halafu msiingize jina kwa kusikia. Pigeni simu kwa ndugu, na mkishapiga pigeni tena kwa ndugu mwingine. Mwaka wetu wa kwanza tulimsoma mtu aliye hai. Mtu mmoja kwenye kundi aliandika "huyo alishatangulia", watu 20 wakaandika "apumzike kwa amani", biashara ikaisha hapo. Wiki mbili baadaye ananipigia yeye mwenyewe kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nyuma nasikia wapakiaji wa dagaa wanazozana. "Shikamoo marehemu wenzangu," anasema. Niliona aibu sijapata kuona. Yeye hakukasirika, aliuliza tu kama ile stipendi ya misa, sadaka tuliyotoa aombewe, inarudishwa.

Mkishapanga majina kwa mwaka wa kufa mtaona jambo. Ya kwetu yamelundikana miaka ya tisini. Msiandike ugonjwa. Sisi ni watu wa ziwa, wenzetu kadhaa walitokea Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walithibitishwa mwaka 1983, enzi zile watu wakiuita Juliana kwa jina la kitambaa cha mashati yaliyovuka mpaka. Dawa za kufubaza zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Waliokufa kabla ya hapo familia zilizika kimya, na watoto wao leo ni watu wazima wanaosoma humu. Mjumbe mmoja alitaka safu ya "sababu ya kifo" kwenye kaunta buku, tukabishana usiku kucha, akashindwa. Vilevile waliokufa mwaka 2021, enzi za korona, kwa "changamoto ya upumuaji", andikeni mwaka tu.

Sababu moja tu ndiyo tuliyoiandika, na ni kwa ombi la familia. Mwenzetu alipanda MV Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996 kuja Mwanza. Meli ilipinduka asubuhi ya tarehe 21 ikiwa imekaribia kufika. Hakuonekana. Mama yake alikaa matanga bila mwili, na kwa miaka mingi alikataa kabisa kusomewa misa ya marehemu, kwa sababu, alisema, hajaletewa mtu. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, na hadi leo kila tarehe 21 Mei watu hukusanyika pale. Tulimwomba mama ruhusa. Alikubali kwa sharti tuandike "MV Bukoba" mbele ya jina, ili asije mtu akadhani mwanawe alikimbilia mjini akawasahau. Siku hizi tunakwenda naye Igoma. Anachagua kaburi lolote lisilo na maua, anaweka yake hapo.

Jingine, angalieni safu ya dini. Shule ilikuwa ya kanisa lakini tulisoma na Waislamu, na watu wa AIC (Africa Inland Church), na Walutheri. Familia ya mwenzetu Mwislamu tuliwafuata nyumbani kabla ya kufanya lolote. Kaka yake alisema, misa hapana, lakini kumtaja mmtaje, na dua wataisoma wao. Ndiyo maana tukagawa shughuli: kanisani padre anasoma majina ya nia za misa, yaani wanaoombewa, kisha wote tunatoka nje hadi chini ya mwembe wa bwalo na pale tunasoma orodha nzima, namba kwa namba, bila kumbagua mtu. Hii pia imeokoa muda wa padre, maana majina 14 mara matatu si mchezo, na kwaya nayo inataka kuimba.

Tarehe: msing'ang'anie Novemba 2 yenyewe, sikukuu ya Marehemu Wote, siku hiyo parokia zina bahasha za nia mpaka basi. Jumamosi yoyote ya Novemba inatosha. Kuhusu rambirambi, wekeni kiwango kimoja kwa kila msiba. Kwetu aliyekufa akiwa na cheo alichangiwa mara nne ya mvuvi, na mjane wa mvuvi alijua. Hilo bado tunalilipa.

Mwaka jana aliyesoma orodha chini ya mwembe ni yule wa Mwaloni. Alijipendekeza mwenyewe, akasema ana haki. Alisoma vizuri, sauti ya mnada. Alipofika kwenye namba yake, ambayo kwenye kaunta buku tuliikata kwa wino mwekundu, alinyamaza, akatutazama juu ya miwani, akasema "Nipo," akaendelea na inayofuata.