Wasomaji Wanauliza: Septemba ni mwezi wa saba au wa tisa?

SWALI: Nimesikia kwamba jina Septemba limetokana na saba, Oktoba nane, Novemba tisa na Desemba kumi. Mbona kwenye kalenda ni mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili? Nani alikosea kuhesabu?

JIBU: Hesabu ilikuwa sawa, kilichohama ni mwanzo wa mwaka. Kwa Kilatini septem ni saba, octo nane, novem tisa na decem kumi, na Warumi wa kale walianzia Machi, mwezi wa Mars, mungu wao wa vita. Hesabu kwa vidole: Machi, Aprili, Mei, Juni, halafu Quintilis (wa tano) na Sextilis (wa sita), ambayo leo tunaiita Julai na Agosti. Anayefuata ni Septemba, na kweli ni wa saba.

Kwa masimulizi ya Warumi wenyewe, kalenda yao ya kwanza ilikuwa na miezi 10 tu: minne ya siku 31 na sita ya siku 30, jumla siku 304. Kipindi cha baridi kilichobaki hakikuwa na mwezi wowote. Mfalme Numa Pompilius ndiye anayesifiwa kwa kuongeza Januari, kwa jina la Janus, mungu wa milango na mianzo, na Februari, kutokana na februa, vitu vilivyotumika katika ibada za utakaso za mwezi huo. Mwaka ukafika siku 355.

Mwaka 153 KK makonsuli, watawala wawili waliochaguliwa kila mwaka, walianza kushika madaraka tarehe 1 Januari badala ya Machi. Kwa kuwa Warumi waliutaja mwaka kwa majina ya makonsuli wake, Januari ndiyo iliyoshika nafasi ya mbele. Miezi yenye majina ya namba ikasogea nafasi mbili na majina yakaachwa yalivyo. Kwa hiyo ukiyasoma majina hayo, jumlisha mbili.

SWALI: Tulifundishwa shuleni kwamba Augustus aliinyang'anya Februari siku moja ili Agosti yake isizidiwe na Julai ya Julius Caesar. Ni kweli?

JIBU: Hapana, ingawa bado inachapishwa vitabuni. Maelezo hayo yanatokana na Johannes de Sacrobosco, mwanazuoni wa karne ya 13, na ushahidi unayakataa. Huko Anzio, Italia, ilifukuliwa kalenda iliyochorwa ukutani kabla ya marekebisho ya Caesar. Februari imo, na tayari ina siku 28.

Sababu yake ni ya zamani zaidi. Warumi waliziogopa namba shufwa, wakaipa miezi siku 29 au 31. Lakini miezi 12 yenye witiri haiwezi kutoa jumla ya 355, maana witiri 12 hujumlika kuwa shufwa. Lazima mwezi mmoja ubebe shufwa, na mzigo ukaangukia Februari, mwezi wa utakaso na wa kuwakumbuka wafu.

Mwaka wa siku 355 uliachana upesi na majira, hivyo makuhani walipaswa kuongeza mwezi wa ziada kila baada ya muda. Mara nyingi hawakufanya hivyo. Ilibidi Caesar aurefushe mwaka 46 KK hadi siku 445 ili kalenda irudi mahali pake. Kuanzia 45 KK aliongeza siku 10: mbili mbili kwa Januari, Sextilis na Desemba, na moja moja kwa Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Miezi hiyo saba ilikuwa na siku 29 kila mmoja, kwa hiyo Sextilis ulipata 31 hapo hapo. Jina la Augustus liliwekwa mwaka 8 KK, siku zikiwa zimekwishagawanywa zamani. Februari ilibaki na 28 zake, isipokuwa ile siku ya mwaka mrefu.

Quintilis uligeuzwa Julai mwaka 44 KK kwa kuwa Caesar alizaliwa mwezi huo. Augustus alizaliwa Septemba, lakini alipewa Sextilis, mwezi alioiteka Aleksandria.

SWALI: Watawala wengine hawakutamani miezi?

JIBU: Walitamani sana. Nero aliigeuza Aprili kuwa Neroneus, Domitian akachukua Septemba na Oktoba, na Commodus, asiye na haya, akaibadilisha yote 12 kwa majina na vyeo vyake. Walipokufa, majina ya zamani yakarudi.

SWALI: Iddi kubwa ni ya Mfunguo tatu, lakini Dhulhija ni mwezi wa 12 wa Kiislamu. Namba hizi zinapatanaje?

JIBU: Hapa pia mwanzo wa hesabu ndio unaotofautiana. Waswahili wa pwani huhesabu tangu watu wanapofungua baada ya Ramadhani, kwa hiyo Shawwal ni Mfunguo mosi (wengine huandika Mfungo mosi). Wanaendelea hadi Mfunguo tisa, kisha inafuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani, ambayo haina namba.

Ukitaka kujua nafasi ya mfunguo katika mwaka wa Hijria, jumlisha tisa. Ikizidi 12, toa 12. Mfunguo tatu: 3 na 9 ni 12, Dhulhija. Mfunguo nne: 13, toa 12, unabaki na 1, Muharram. Mfunguo sita, wenye Maulidi, unaangukia mwezi wa 3.

Kosa la kawaida ni kuufunga mfunguo na mwezi wa Kizungu, kama vile kusema Mfunguo mosi ni Aprili. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka mfunguo huwahi kwa siku 10 hadi 12, na baada ya miaka mitatu tu umekwishahama mwezi mzima.