Je, viongozi wa mrengo wa kushoto huwalegezea wahalifu kamba?

Habari za jioni, ndugu yangu wa Moshi. Umeuliza umjibu nini jirani yako anayeshikilia kwamba viongozi wa mrengo wa kushoto daima huwaonea huruma wahalifu, maana mjadala wenu umekwama hapo.

Kwanza mwombe ataje sheria, asitaje kiongozi. Huku kwetu Kaloleni, Arusha, tulibishana juu ya jambo hilohilo hadi mzee mmoja, karani mstaafu, alipotoa nakala iliyokunjwa ndani ya gazeti, akaweka kidole kwenye kifungu na kutusomea polepole. Ilikuwa sheria ya viwango vya chini vya adhabu ya mwaka 1963, ya enzi za Mwalimu Nyerere, ambayo kwa makosa kama wizi wa mifugo ilimtaka hakimu kwa kawaida atoe kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24, yaani 12 mtu akiingia gerezani na 12 akitoka. Baraza zima lilinyamaza. Mwaka 1983 serikali hiyohiyo ya ujamaa, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliwasaka wahujumu uchumi na kuwaundia mahakama maalumu.

Binafsi naamini viboko vile vilikuwa kosa, kwa kuwa vilimnyima hakimu nafasi ya kumtazama mtu aliyesimama mbele yake.

Kisha mwonyeshe Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayoruhusu baadhi ya wafungwa watumikie adhabu nje ya gereza: ilipitishwa wakati wa Rais Mkapa, serikali ikiwa inabinafsisha mashirika ya umma.