Kutafuta babu asiye na cheti: anza na wilaya yake, si jina lake

Ndugu wa Nakuru, umeuliza utampataje babu wa babako, aliyetoka Bungoma akaja kuwa kibarua kwenye shamba la mzungu huko Rongai, na hakuacha karatasi yoyote. Mimi nimehangaika na babu yangu miaka mitatu, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona.

Kabla hujatafuta jina lake, jua mahali alikozaliwa paliitwaje wakati huo. Nilikaa siku mbili kwenye Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, nikiulizia Bungoma, nikaambulia faili za juzijuzi tu. Mhudumu mmoja mzee ndiye aliyenifungua macho: enzi za babu hakukuwa na wilaya ya Bungoma. Kulikuwa na Kavirondo ya Kaskazini, ikaja kuitwa Nyanza ya Kaskazini, ikamegwa Elgon Nyanza, ndipo ikaja Bungoma. Omba faili zinazoanza na DC/NN, yaani za mkuu wa wilaya ya Nyanza ya Kaskazini, na za mkuu wa mkoa wa Nyanza, PC/NZA. Ukirudi nyuma ya Aprili 1902, kumbuka kwamba Kisumu, na hata hapo Nakuru ulipo, palikuwa upande wa Uganda.

Humo usitegemee kukutana na jina lake, isipokuwa kama alikuwa chifu au alishtakiwa. Utakachopata ni ripoti za kila mwaka: njaa, nzige, kodi, vijana waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918. Ziandike zote kwenye daftari, mwaka kwa mwaka, kisha nenda nazo kwa wazee. Hao hawahesabu kwa tarehe, wanahesabu kwa matukio kama hayo.

Kwangu mambo yalifunguka hivi. Kitambulisho cha babu kilisema alizaliwa 1910, na sote tuliamini, kumbe karani alikadiria tu. Nikamuuliza shangazi babu alitahiriwa lini. Akasema, bila kufikiri, "Mwaka ule wazungu walijaa Kakamega kuchimba dhahabu." Wazungu walianza kumiminika Kakamega 1931, wakazidi 1932. Sisi Wabukusu tunatahiri Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Basi ni 1932, haiwezi kuwa 1931. Nilisimama pale jikoni kwa shangazi nikitetemeka, maana miaka yote nilikuwa nikitafuta mvulana wa 1910, ambaye hakuwepo.

Na 1932 mkononi, nilikwenda parokia ya zamani iliyoanzishwa na mapadre wa Mill Hill, wamishonari Wakatoliki kutoka Uingereza. Padre alinitolea daftari la ubatizo, jalada limeliwa na mende, maandishi ya Kilatini. Hapa jihadhari na tahajia. Sisi ni Khisa, lakini mmishonari aliandika Kisa, na nilikuwa nimeshaupita mstari huo mara mbili. Nilipoanza kusoma kwa sauti, si kwa macho, ndipo nilimwona: amebatizwa 1934, umri kama miaka kumi na minane, jina la baba, jina la kijiji. Jina la baba huyo hakuna aliyelijua katika familia yetu.

Kwa wako wa Rongai, ulizia pia kipande, kile kitambulisho cha kazi cha wakati wa ukoloni. Kuanzia miaka ya 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimishwa kukibeba, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati, na ndani yake yaliandikwa kabila lake na majina ya waajiri wake. Familia nyingi walivitupa kwa hasira, na siwalaumu, ila wengine walivifungia kwenye sanduku pamoja na stakabadhi za kodi. Waombe wajomba wafungue masanduku. Waliohama na babako kutoka shambani, hata kama si wa ukoo, watakumbuka jina la mnyapara.

Kwenye lile daftari, nafasi ya mama yake babu wino umefifia, imebaki herufi ya kwanza tu, N. Jumamosi narudi kwa shangazi kule Kimilili kumtajia majina ya N moja moja.