Jibu: Biden alishindaje New Hampshire 2024 ilhali jina lake halikuwepo?

Ndugu, jina la Biden kweli halikuwepo, ila hakuenguliwa. Hakujiandikisha, kwa sababu ya mvutano wa tarehe. Chama cha Democratic kiliamua jimbo la South Carolina lifungue dimba la mchujo, yaani kura ya kumteua mgombea urais wa chama, Februari 3, wakati sheria ya New Hampshire inataka mchujo wake utangulie ule wa majimbo mengine kwa angalau siku 7. New Hampshire ikashikilia sheria yake, ikapiga kura Januari 23.

Wafuasi wa Biden wakatumia nafasi iliyoachwa wazi chini ya orodha ya wagombea. Unaandika jina kwa mkono, kisha unakijaza wino kiduara cha pembeni. Kiduara ndicho kinachosahaulika, na hapo kura inaweza kupotea, maana mashine inasoma alama, haisomi mwandiko. Kura zenye alama hutengwa zikahesabiwe kwa mkono, ndiyo maana matokeo yake yalichelewa kukamilika. Ukikosea herufi haidhuru, mradi nia yako inaeleweka.

Biden alipata karibu asilimia 64. Dean Phillips, mpinzani wake ndani ya chama ambaye jina lake lilichapwa, karibu 20. Mpinzani mwingine, Marianne Williamson, 4. Kwangu huo ni ushindi mzito, kwa sababu kila kura ilidai kazi ya ziada.

Lakini usiusome kama kinga ya kubaki kwenye kinyang'anyiro. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson naye aliandikwa kwa mkono hapo hapo, akapata takriban asilimia 49 dhidi ya 42 za mpinzani wake chamani, Eugene McCarthy. Alishinda Machi 12. Machi 31 akatangaza hagombei tena.